Soli

Nilimjua kwa kiatu kabla sijamjua kwa jina:
cheusi, ngozi ya kuiga, kisigino kimelika upande wa nje.
Akasema, "Fundi, nina elfu mbili
na nyumba mia nane za kupiga hodi."
Nikauliza, unauza nini?
"Najiuza mwenyewe," akajibu, kisha akashtuka,
"yaani, nagombea. Udiwani. Kata hii hii."

Nikamtazama vizuri. Nuswaiba wa marehemu Kondo,
yule aliyekuwa akitumwa kwangu na malapa ya baba yake
na sarafu iliyolowa jasho la kiganja.
Miaka ishirini na sita. Hana gari,
hana mume wa kutajwa jukwaani, hana mjomba makao makuu.
Ana faili la plastiki, ndani yake picha za mtaro wetu,
kapiga kila masika tangu kidato cha pili:
maji magotini, maji kiunoni,
godoro la Mama Stumai limenasa kwenye nguzo ya umeme.

Mimi si mtu wa siasa. Kona hii ya Mburahati
nimekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu
chaguzi tano, nikapewa fulana tano,
zote sasa ni matambara ya kung'arishia viatu.
Ndiyo sera ninayoijua:
inafuta vumbi, halafu inatoboka.

Lakini nilishona.
Nikakata tairi la pikipiki nikamwekea soli
ya kwenda Barafu na kurudi mpaka wachoke wao.
Pesa nikakataa. Utalipa ukimaliza.
Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kampeni,
bila kadi, bila kofia, kwa uzi wa nailoni.

Wiki ya kwanza alirudi na vumbi la Kisiwani.
Ya pili, tope; nikajua kafika mtaroni.
Ya tatu kiatu cha kushoto kimechanika:
"Mbwa, geti la kijani. Lakini mwenye mbwa kanipa kura."

Mwenzake alipita na magari matatu na muziki.
Spika zikachezesha misumari yangu ndani ya kopo.
Kioo kikashuka, khanga zikarushwa,
hata mke wangu alidaka, na kwa nini asidake?
Khanga ni khanga.
Ila siku zote zile, mchana na jioni,
soli ya bwana yule sikuiona hata mara moja.

Usiku tulibandika karatasi kwa uji wa sembe,
mimi, Nuswaiba, Shukuru wa bajaji, na mabinti wawili wa saluni.
Asubuhi mbuzi wa bucha walikuwa wamemla
kuanzia kidevu hadi kwenye nyusi.
Alicheka mpaka akakaa chini.
"Angalau kuna walioshiba sera zangu."

Siku ya kura wino ulikataa kushika
juu ya gundi ya kidole changu.
Wakanichovya mara mbili.

Matokeo yakabandikwa ukutani mwa darasa,
kwa gundi nzuri, si ya sembe.
Kura sitini na tatu. Kashindwa kwa sitini na tatu.
Nikazihesabu kichwani nikiwa nimesimama pale:
ni uchochoro mmoja tu,
kutoka kwa muuza mkaa hadi bomba la maji,
uchochoro alioufikia jua limezama
akaona aibu kugonga, watu wanakula.

Hakulia mbele yetu. Alitupa mkono mmoja mmoja,
akamuuliza Shukuru deni la mafuta ni shilingi ngapi.

Vuli ikaja. Alhamisi nikamwona,
suruali kaikunja, kiatu cha kushoto kakishika mkononi.
Tairi zima; ngozi ndiyo iliyochoka.
"Mtaro umejaa, fundi. Kesho nawapeleka akina mama
kwa diwani, kwa miguu."
Nikakigeuza, nikakigeuza tena.
Nikamwambia kampeni imekwisha, binti, leo unalipa.
Akatoa elfu mbili, imekunjwa mara nne.
Nikaipokea.
Nikapiga misumari,
mingi kuliko iliyohitajika.